Mpaka ndege ianguke ndipo tuwaone mafundi wetu?

  

Ndugu zangu Waislamu, asubuhi ya Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ndani ya Ziwa Victoria, hatua chache kutoka uwanja wa ndege wa Bukoba. Ndani yake walikuwamo watu 43. Walionusurika ni 24, na 19 walifariki dunia. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima kwa siku moja. Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza kijana yule achukuliwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, apewe mafunzo na ajira.

Sote tulifurahi. Lakini mimi nilipoisikia taarifa ile, swali moja lilinikaa kifuani na halijatoka mpaka leo. Kijana yule alikuwa analijua ziwa, anajua kuogelea na ana moyo wa kujitosa hata siku ya Jumamosi, siku moja kabla ya ajali. Usiku ule hakuongezewa ujuzi wowote. Jumamosi alikuwa mvuvi asiyetazamwa na mtu, Jumatatu akawa mtu wa kupelekwa mafunzoni. Basi na hawa wengine, ambao Mola hakuwajaalia kuwa karibu na ndege inayoanguka, wao nani atawapeleka?

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, maana si vizuri kupanda mimbari kuwanyooshea wengine kidole.

Miaka michache iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi wa msikiti mmoja wilayani Muleba. Sitautaja, kwa sababu waliokuwamo bado tunasalimiana. Tulikusanya michango, tukapata na mfadhili, na mfadhili akataka kazi apewe fundi mwenye cheti. Ni sharti la haki kabisa. Tukamchukua fundi mwenye cheti kutoka mjini. Akaja, akaitazama ramani, akapiga kamba, na siku ya tatu akaondoka kwenda kwenye kazi zake nyingine. Akawa anapita mara moja kwa wiki. Kuta alizipandisha mtu wetu, tunayesimama naye safu moja katika swala, ambaye kwenye daftari la kamati tulimwandika "saidia fundi".

Mtu huyu alianza kubeba zege akiwa na miaka kumi na saba. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lile la ukubwa wa 5.9 lililotupiga siku chache kabla ya Idi Kubwa, likaua watu 17 na kubomoa maelfu ya nyumba katika mkoa wetu, alizunguka miezi mingi akirekebisha nyumba za watu. Huko ndiko alikojifunza kwa macho kwa nini nyumba hii imelala chini na ya jirani imesimama. Alituambia mapema kwamba nondo za kona moja zimeachana mno na kwamba lenta haijafungwa sawasawa. Mimi ndiye niliyemjibu. Nilimwambia, "Kijana wangu, fundi mwenye cheti amekwisha pitisha." Akanyamaza. Kabla hatujaezeka kona ile ilipasuka, na aliyeibomoa na kuijenga upya ni yeye yule.

Siku ya hesabu, fundi wa mjini alipokea fedha zake zote. Saidia fundi alikuwa analipwa shilingi 10,000 kwa siku, na hizo nazo tulizichelewesha siku tisa. Siku tisa, enyi ndugu zangu, nasi tunaijua hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inayotuamuru kumpa kibarua ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Alipokuja kuchukua fedha aliniuliza, "Shehe, mimi sasa nina miaka arobaini na miwili. Nikiulizwa kazi yangu ni nini, niseme nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia asubiri, Mungu atajaalia. Leo naona haya kwa jibu lile.

Hebu tutazame dini yetu inasemaje juu ya kazi za mikono. Katika Suratul-Qasas, binti wa yule mzee wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), na sababu anazozitoa ni mbili tu: nguvu na uaminifu. Musa alikuwa mgeni, mkimbizi, hana mtu wa kumdhamini wala karatasi. Lakini binti yule alikuwa amemwona kisimani akiwanyweshea wanyama wao. Yaani alipimwa kazini. Kisha akapewa mkataba wenye muda unaojulikana, miaka minane, na akipenda kumi. Na Nabii Daud (a.s.) Qur'an inatueleza kwamba Mola wake alimlainishia chuma, akamfundisha kutengeneza deraya na kupima vizuri mapete yake. Tazameni hilo la kupima. Hakuachiwa agongegonge tu chuma mpaka azoee. Alifundishwa vipimo.

Hapo ndipo penye udhaifu wa ufundi wetu wa Bukoba na Muleba. Kijana wa gereji pale Bukoba mjini anaweza kusikia injini ikinguruma akakwambia ugonjwa wake, lakini mpe gari la mfumo wa umeme wa kisasa, anakwama. Mama mwenye cherehani stendi ya Muleba anashona gauni likakaa, ila hakati suti, kwa hiyo zabuni ya sare za shule inampita mlangoni. Mvuvi wa visiwa vya Bumbire na Goziba anaendesha mashine ya mtumbwi miaka ishirini na hajui kuifungua. Ujuzi wanao, tena mwingi, lakini una matundu, na hakuna aliyewaonyesha matundu yako wapi. Ndiyo maana mtu anaingia kazini akiwa kibarua na kuzeeka akiwa kibarua.

Nionavyo mimi, makosa yetu ni kudhani kwamba dawa ni moja, nayo ni kumpeleka kila mtu chuoni miaka miwili. Chuo ni jambo jema. Serikali ilijenga kwa msaada wa China chuo kikubwa cha VETA pale Burugo, Bukoba Vijijini, kikafunguliwa Oktoba 2022. Wilayani Muleba kipo chuo cha VETA cha Ndolage. Kijana aliyemaliza shule na bado analishwa na wazazi, huko ndiko kwake. Lakini mtu wa miaka arobaini na miwili, mwenye wake na watoto sita, ukimwambia aache kibarua miaka miwili akasome, umemwambia watoto wake wafunge bila Ramadhani.

Kwa mtu kama huyo iko njia nyingine, na wengi wetu hatuijui. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hapimwi kwa darasa alilokaa, anapimwa kwa kazi anayoifanya. Wataalamu wanamkuta kwenye kazi yake, wanamtazama, wanamuuliza, wanamfundisha pale palipopungua, akifaulu anapewa cheti. Na cheti kile kina ngazi, mtu anaweza kupanda kutoka ya kwanza kwenda ya pili na ya tatu. Hebu linganisheni na binti wa Madyan pale kisimani.

Sasa mtauliza, kama njia ipo, kwa nini fundi wetu haifuati? Nimeuliza vijiwe kadhaa kati ya Muleba na Kemondo. Wengine hawajaisikia kabisa. Wengine wameisikia, lakini siku ya kupimwa ni siku bila kibarua, nauli inahitajika, ada inahitajika, na fundi mwenye mwiko wa kuazima na pima maji ya kuazima anaona aibu kusimama mbele ya wapimaji. Wengine wanaogopa maandishi. Yote haya ni mambo madogo, ila kwa mtu anayekula leo alichopata leo, ni ukuta.

Iko fedha inayokusanywa nchini kwa ajili ya kuendeleza ujuzi. Ni tozo wanayolipa waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi kutokana na mishahara wanayolipa. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Siipingi wala simlaumu mtu. Nasema tu kwamba saidia fundi wetu hana mwajiri wa namna hiyo. Ana kamati ya msikiti, kesho ana mjane anayetaka choo, keshokutwa hana kitu.

Basi turudi kwetu, kwenye zakat. Sisi watu wa Afrika Mashariki wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi. Imam Nawawi, katika kitabu chake cha Al-Majmuu, anaeleza katika mlango wa mafungu ya zakat kwamba fakiri mwenye ufundi apewe cha kununulia vyombo vya kazi yake, viwe vya thamani ndogo au kubwa. Anataja fundi wa nguo, seremala, dobi na mchinjaji, kila mmoja kwa vyombo vinavyomfaa mtu wa kazi yake. Makusudio ni atoke katika ufakiri, mwakani asirudi kupanga foleni.

Na sisi tunafanyaje? Ramadhani ikifika mwenye duka anapanga watu barazani, kila mmoja shilingi 2,000, kila mmoja kilo ya sukari. Mwakani watu ni wale wale, na tunahesabu wingi wao kuwa ndiyo baraka ya zakat yetu.

Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, mtu wa Kiansari alikuja kuomba. Mtume (s.a.w.) akauliza nyumbani ana nini. Akaleta nguo ya kujifunikia na chombo cha kunywea maji, vikanadiwa kwa dirhamu mbili. Moja ikanunua chakula cha nyumbani, nyingine ikanunua shoka, na Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akamwambia aende akakate kuni na asimwone kwa siku kumi na tano. Aliporejea alikuwa na dirhamu kumi. Kwanza nyumba ilishwe, ndipo shoka, tena shoka lenye mpini, na siku ya kurudi kutoa hesabu ikapangwa. Mpango wa mafunzo usiojali watoto wa mwanafunzi watakula nini wiki ile, haujaifuata hadithi hii.

Rai yangu ni kwamba kila msikiti wa Ijumaa, Bukoba na Muleba, utumie sehemu ya zakat na sadaka zake kwa mafundi wake. Andikeni majina, nani anafanya kazi gani na amekwama wapi. Mlipieni nauli, chakula cha nyumbani siku za kupimwa, na vyombo. Mimi si mufti. Akiwapo mwanachuoni anayeona ada ya mtihani haiingii katika vyombo vya kazi, basi ada itoke kwenye sadaka, na tusilumbane mwaka mzima. Na kina mama wasiachwe nje ya orodha. Wakishapata vyeti waunganishwe katika vikundi vilivyosajiliwa, maana halmashauri hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024, na haina riba. Kwa hiyo Muislamu hana udhuru wa kuikimbia.

Mzee mmoja wa kamati yetu alinipinga. Alisema, "Ukimpa cheti, kesho anakwenda Mwanza, umepoteza fedha ya msikiti." Nilimuuliza kama mwanawe aliyesomea udaktari alirudi Muleba. Akacheka. Lakini hoja yake si ya kupuuza. Wapo watakaoondoka. Akiondoka kama fundi anatuma fedha kwa mama yake, akiondoka kama kibarua mama yake ndiye anayemtumia ndizi.

Nilimrudia yule ndugu yetu. Safari hii sikumwambia asubiri. Nilimwomba radhi kwa zile siku tisa na kwa lile neno la kwenye kona, tukakaa na katibu tukaandika fomu. Alipofika penye nafasi ya kazi aliinua kalamu akanitazama. Nikamwambia, "Andika mwashi." Aliandika polepole, kwa herufi kubwa. Bado hajapimwa. Pima maji tumemnunulia, mwiko pia, na kamati imepitisha chakula cha nyumba yake kwa siku atakazokuwa huko. Daftari lile la zamani nalo tumelirekebisha, na chini ya jina lake yameongezeka majina sita, wawili kati yao ni kina mama wa cherehani.