Mama Alitaka Ile Kubwa

Nina kamera mbili. Moja ni Sony A7 III, ile nikiitoa kwa begi kwa harusi watu wananipisha njia na mtu ananiletea soda bila kuitisha. Ya pili ni Sony RX100 ya kwanza kabisa, ya 2012, ambayo inaingia kwa mfuko wa jeans na hakuna mtu anashtuka nikiitoa. Wengi hudhani ni simu, ama kitu nimeazima mtoto.

Kila wiki kuna mtu ananiuliza kwa DM: bro, ninunue gani, kubwa ama ndogo? Kwa muda mrefu nilikuwa najibu kama muuzaji wa Luthuli Avenue: inategemea na kazi yako. Siku hizi najibu polepole kidogo, kwa sababu hizo kamera mbili ziliniletea swali ambalo si la bei wala la megapikseli. Swali lenyewe ni hili: mtu akiwa hajui unampiga picha, ile picha ni ya nani?

Wacha kwanza tumalize mambo ya mashine. Kamera kubwa ni ya aina isiyo na kioo ndani. Zile za zamani zilikuwa na kioo kinachoruka ukibonyeza, ndiyo maana zilikuwa zinalia klak. Hii haina, na ukiweka shata kimya haisikiki hata kanisani. Sensa yake ni milimita 36 kwa 24. Ya ile ndogo ni 13.2 kwa 8.8. Piga hesabu ya eneo, kubwa inaishinda mara saba na zaidi. Mchana huwezi kuona tofauti sana, kwa sababu moja ina megapikseli 24 na nyingine 20. Usiku ndio utajua hujui. Kubwa inaona kwenye giza. Ndogo inajaza picha chenga kama TV ya zamani ikikosa stesheni.

Uzito nao ni hivi: kubwa ina gramu 650, na lenzi yangu ya milimita 85 ina 371. Hiyo ni zaidi ya kilo moja, ni kama kubeba pakiti ya sukari shingoni kutoka asubuhi hadi jioni. Ndogo ni gramu 240 pamoja na betri.

Lakini kuna tofauti mbili ambazo haziandikwi kwa karatasi ya dukani.

Ya kwanza ni uso wangu. Kamera kubwa naiweka machoni. Yule ninayempiga haoni macho yangu, anaona jicho moja kubwa la kioo. Ile ndogo haina mahali pa kuchungulia, naishika hapa kifuani naangalia skrini, na uso wangu uko wazi. Ukinikunjia uso, nitakuona, na wewe utaona kama nimeona.

Ya pili ni kinachobaki nyuma ya mtu. Lenzi ya 85 ikifunguliwa hadi f/1.8 inafanya kila kitu nyuma kiyeyuke. Mabati, waya za stima, ndoo, mtaro, vyote vinageuka rangi laini kama maziwa. Ile ndogo haiwezi kuyeyusha hivyo. Inaonyesha kila kitu: kalenda ya mwaka juzi ukutani, daftari la madeni, sufuria yenye mkono uliokatika. Kubwa inamtoa mtu kwake. Ndogo inamwacha hapo hapo.

Sasa nikuambie nilivyoipata hiyo kubwa.

Nilikuwa mwaka wa tatu, nasoma uchumi. Mama anauza mboga Nakuru, na kila semesta alikuwa ananitumia karo kwa M-Pesa kidogo kidogo, elfu tano leo, elfu mbili Jumamosi, mpaka inafika. Semesta hiyo ilifika elfu sitini. Nikaongeza elfu hamsini nilizokuwa nimepata kwa kupiga picha za ruracio na birthday kwa kamera ya kukodisha, nikanunua Sony ya mtumba. Nilijiambia nitarudisha kabla ya mitihani. Sikurudisha. Kwa miezi minne Mama akipiga simu akiuliza masomo, nilikuwa namwambia tunaendelea vizuri.

Nilipoenda kumwambia nilijipanga. Nilinyoa. Nilivaa shati la harusi. Nilibeba unga, mafuta na kilo mbili za nyama, na nikangoja siku ambayo nilikuwa nimelipwa kazi kubwa ili nimwekee pesa mezani kabla ya kufungua mdomo. Alisikiza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alisema, "Sawa. Umeamua." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kesho yake aliniambia, kama mtu anayetaka kuona pesa zake zilienda wapi, "Basi nipige na hiyo kamera." Akaingia ndani akatoka na gauni la kitenge na kitambaa kipya kichwani, akasimama kando ya mlango. Nikampiga na ile lenzi ya 85. Nyumba ikayeyuka. Alipoona picha alinyamaza kidogo, akasema, "Hapa ni wapi?" Tulicheka. Ile picha iko kwa fremu, juu ya TV. Ukweli ni kwamba sikuipenda sana. Niliiona ya uongo. Mwanamke mzuri, anang'aa, hana nyumba, hana deni, hana mgongo unaouma.

Picha niliyoipenda niliipiga miezi kadhaa baadaye, na ile ndogo, niliyonunua kwa jamaa aliyekuwa anahamia Doha. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu asubuhi. Niliamka kwenda msalani nikamkuta jikoni anakatakata sukuma chini ya balbu moja, sweta imeraruka kwa kiwiko, kichwa wazi, nywele nyeupe zimesimama, sarafu zimepangwa mafungu mafungu juu ya meza. Hakuniona. Nikabonyeza mara moja nikarudi kulala.

Ilikuwa picha bora zaidi ambayo nimewahi kupiga. Sijivuni, nakuambia tu. Niliiweka Instagram na watu wakaisambaza. Watu nisiowajua waliandika kwamba wamelia, kwamba wamewakumbuka mama zao. Halafu mhariri wa jarida moja la nje akaniandikia: dola 150 kwa matumizi ya mara moja. Wakati huo kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa wiki tatu.

Binamu yangu ndiye alimwonyesha Mama. Alinipigia jioni.

"Kwa hivyo hii ndiyo sura yangu unaonyesha watu?"

"Mama, watu wameipenda sana. Soma vile wameandika."

"Si ungeniambia nivae kitambaa."

"Lakini Mama, ungevaa haingekuwa hii. Hii ndiyo ukweli."

Alinyamaza. Halafu akasema, "Huo ukweli nilikuwa nao. Nani alikutuma uutoe nje?"

Nilibaki na simu mkononi. Mimi, niliyenyoa na kuvaa shati na kununua nyama kabla ya kutoa ukweli wangu. Mimi niliyeuficha miezi minne, nikauchagulia siku, nikauvalisha nguo. Wake nimeuchukua saa kumi na moja na nusu, kichwa wazi, nikaupeleka kwa watu elfu kadhaa.

Hiki kitu si kipya. George Eastman alipoanza kuuza Kodak mwaka wa 1888, kamera ya kushikwa mkononi yenye filamu ya picha mia moja, picha ilitoka studio ikaingia barabarani. Miaka miwili baadaye, 1890, wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala kuhusu haki ya mtu kuwa na faragha, na moja ya mambo waliyolalamikia ilikuwa picha za papo hapo. Sisi tunayo kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 31. Lakini Mama hakunipeleka kortini. Alitaka tu kitambaa.

Mpiga picha Mmarekani Walker Evans, kati ya 1938 na 1941, alikuwa anaingia treni za chini ya ardhi New York na kamera ya Contax imefichwa ndani ya koti, lenzi inachungulia kati ya vifungo, na waya wa kubonyeza umepita kwa mkono wa koti. Watu walikaa mbele yake wakiwa wamechoka, wameacha nyuso zao wazi kwa sababu hakuna aliyekuwa anawaangalia. Kitabu cha picha hizo kilitoka 1966. Ni picha nzuri mno, na nazipenda bado. Ila naona amengoja robo karne, na mimi sikungoja hata chai ichemke.

Sasa usidhani nakuja kusema kamera kubwa ndiyo yenye adabu. Kuna shirika liliwahi kunipa kazi Mukuru. Nilienda na kubwa, lenzi mbili, na dada wa ofisi aliyebeba fomu za ridhaa. Kila mtu aliombwa. Kila mtu aliweka sahihi. Fomu zilikuwa za Kizungu. Mzee mmoja alikaa vizuri, nikampiga, akanishika mkono akaniuliza polepole, "Kijana yangu, pesa zitakuja lini?" Alikuwa ameona kamera ya bei ile akafikiria lazima kuna kitu nyuma yake. Sahihi yake ilikuwa pale kwenye karatasi, lakini alikuwa amekubali kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amemwahidi. Kamera kubwa iliomba kwa sauti kubwa mpaka hakusikia anaombwa nini.

Na pia si ukweli kwamba kuchukua picha bila kuomba ni dhambi kila wakati. Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa mjini. Kubwa niliiacha nyumbani, kwa sababu ya wezi na kwa sababu nilihitaji miguu ya kukimbia. Nilikuwa na ile ndogo, na niliwapiga polisi bila kuomba. Sijutii hata picha moja. Afisa aliyevaa sare na kushika bunduki inayolipiwa na kodi yetu hana sweta ya kiwiko kilichoraruka ya kuficha hapo. Akifanya kazi yake mbele ya watu, watu wana haki ya kuangalia. Lakini hata siku hiyo kulikuwa na wenzetu ambao picha zao nilizificha nyuso kabla ya kuzituma popote.

Kwa hivyo rula yangu, kama ni rula, ni hii: nauliza nani anabeba hasara. Kama picha itamuuma mwenye nguvu, siombi. Kama itamuuma mtu ambaye uso wake ndio mali pekee ambayo hakuna mtu anamdai, naomba, tena naomba kwa lugha anayoelewa, na nikikataliwa nafunga lenzi. Kuna watu watasema picha nyingi nzuri zitapotea hivyo. Ni kweli. Zitapotea. Mimi nimepoteza moja.

Kuna kitu kingine nilichelewa kuelewa, kuhusu ile picha ya mlangoni. Mimi niliiita uongo. Lakini angalia picha za studio za zamani, kama za N. V. Parekh pale Mombasa: watu wameshika redio, wameegemea pazia, wamesimama vile walitaka kusimama. Hakuna anayedhani walilala na hizo nguo. Mtu akichagua vile ataonekana, anakuambia kitu cha kweli ambacho kamera ya kuvizia haiwezi kukipata: anakuambia vile anavyojiona, ama vile angependa mjukuu wake amwone. Jikoni nilipata uchovu wa Mama. Mlangoni alinipa heshima yake. Zote zilikuwa kweli, lakini moja tu ndiyo alinipa.

Yule mhariri nilimwandikia kwamba mama amekataa, lakini kuna nyingine, ya kitenge. Aliiangalia akajibu kwa upole kwamba haina ule uzito wanaoutafuta. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa nimesema hivyo hivyo. Landlord alingoja wiki mbili zaidi, akanifungia stima, tukasuluhishana.

Picha niliitoa Instagram, ingawa najua iko kwa simu za watu na siwezi kuirudisha. Faili yenyewe sijafuta. Iko kwa hadi diski, na Mama anajua iko hapo. Krismasi iliyopita aliniambia nimwonyeshe tena. Aliiangalia muda mrefu, akaivuta kwa kidole mpaka kwa mafungu ya sarafu, akayahesabu.

"Siku hiyo zilikuwa hazitoshi," alisema.

Akanirudishia laptop akaenda kutafuta kitambaa, kwa sababu wageni walikuwa karibu kufika na alijua nitatoa kamera.