JE, WEWE NI MTOTO AU KIBARUA?

Kijana mwenzangu, usiitupe karatasi hii. Najua umepewa hapa Bugarama ukiwa na haraka, pengine unawahi gari la Kakola, pengine unatoka mwaloni na tope halijakauka miguuni. Kama huna nafasi, ikunje uiweke mfukoni, utaisoma usiku. Mimi karatasi ya kwanza kama hii niliisokotea sigara, kwa hiyo siwezi kukulaumu.

Nina swali moja tu. WEWE NI WA NANI?

Ukienda kwenye mji wa mzee wa Kisukuma, hakuulizi kwanza una pesa ngapi. Anauliza wewe ni ng'wana nani, yaani mtoto wa nani. Ukimtaja baba yako, unaletewa kiti. Lakini huku machimboni nani anauliza hayo? Mtu anafika leo kutoka Kigoma, kesho wote wanamwita Kigoma. Mwingine anaitwa Kipara, mwingine Mgosi. Mnakula sahani moja miezi sita, mnalala geto moja. Siku anaangukiwa na kifusi, ndipo mnatazamana: jamani, kwao wapi? Tumpigie nani simu? Wapo waliozikwa na jina la utani juu ya kaburi. Hivi mama yake atalitambuaje?

Na wewe dada yangu unayepika kwa mama ntilie, au uliyeletwa huku kwa ahadi ya kazi ukakuta ni baa, swali hili ni lako pia.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka ishirini, nikishuka duara moja ambalo sitalitaja. Mwenye duara alipenda kutuambia, "Sisi hapa ni familia." Ndiyo, tulikuwa familia siku ya kuchimba. Siku ya mgao alikuwa hatujui. Siku moja baada ya mvua matimba yaliachia, udongo ukanifukia mpaka kiunoni. Baadaye wenzangu waliokuwa juu waliniambia neno la kwanza alilolisema bosi: "Mifuko ya mawe imetoka mingapi?" Nakuapia, hakuuliza watu ni wangapi.

Aliyeshuka ni mzee mmoja mvuta kamba. Alijifunga kamba ileile akashuka, na udongo ulikuwa bado unadondoka. Alinifukua kwa mikono. Nilipopona nilimwuliza kwa nini alishuka, maana mimi si ndugu yake wala si wa kabila lake. Alikasirika kabisa. "Sasa ningekuacha?" Jibu lake lilikuwa hilo tu. Wala hakuwa mlokole, bwana. Alikuwa akinywa gongo. Lakini alinionyesha jambo ambalo baadaye chuo cha Biblia kilitumia mwaka mzima kunifundisha: mwenye haki ya kukuongoza ni yule anayekuhesabu wewe kabla ya kuhesabu mawe, tena yuko tayari kushuka mwenyewe.

Soma Yohana sura ya 10. Yesu anatofautisha mchungaji na mtu wa mshahara. Mbwa-mwitu akija, wa mshahara anakimbia, kwa sababu kondoo si wake. Mchungaji mwenye kondoo anabaki, anakufa. YESU KRISTO ALISHUKA! Hakutuma kamba peke yake.

Sasa sikia tatizo letu vijana wa machimbo. Sisi tunamwendea Mungu kama vibarua. "Mungu, nipe jiwe lenye dhahabu, nami nitakutumikia." Likikosekana, tunahama, kama tunavyohama duara lisilo na mali. Leo uko kanisani, kesho uko kwa mganga. Na hao waganga wametufikisha wapi? Kanda ya Ziwa yetu hii, Shinyanga, Geita, Mwanza, imemwaga damu ya ndugu zetu wenye ualbino kwa uongo kwamba viungo vyao vinaleta mali kwa mchimbaji na samaki kwa mvuvi. Mambo yalifika mahali ambapo mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Kijana aliyezaliwa na mama mwema, aliyefundishwa kusalimia wakubwa, anashika panga kwenda kumkata mtoto. Amefikaje pale? Alikuwa akitafuta mtu wa kumwongoza, hakuuliza anaongozwa wapi.

Fungua Luka 15, kisa cha yule kijana aliyechukua urithi wake akautapanya nchi ya mbali. Njaa ilipomshika akatunga hotuba ya kumwambia baba yake. Hotuba ilikuwa na sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwanao, nifanye kibarua wako. Akaja njiani akiikariri. Lakini hebu tazama vizuri alipofika. Alisema ya kwanza, akasema ya pili, ile ya KIBARUA hakuimaliza! Baba alishaanza kuagiza vazi, pete na viatu. Baba hakukubali kuajiri mtoto wake mwenyewe.

Na yule kaka mkubwa aliyebaki nyumbani? Yeye naye alianza kuhesabu: nimekutumikia miaka mingapi, na hata mbuzi hukunipa. Kumbe alikuwa kibarua ndani ya nyumba ya baba yake! (Hilo nawaandikia wapendwa wenzangu tunaokaa viti vya mbele. Wewe kijana pita tu.)

Ndiyo sababu nasema kuwa wa Mungu kunatangulia, kuongozwa kunafuata. Kibarua anatii kwa sababu ya mgao. Mtoto anatii kwa sababu yuko kwao. Kibarua akikosa mgao siku tatu anafungasha. Mtoto akikosa chakula siku tatu analia, lakini analilia hapohapo mlangoni kwa baba yake. Yohana 1:12 inasema wote waliompokea Yesu wamepewa haki ya kuwa watoto wa Mungu. Ni haki, wala si cheo cha kununua. Na Warumi 8:14 inawaita wana wa Mungu wale wanaoongozwa na Roho wake.

Najua unachofikiri. "Mtumishi, si haohao watu wa dini wanaoua watu?" Una haki ya kuuliza. Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la viongozi waliotangaza mwisho wa dunia. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kenya, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu, wakiwemo watoto, wa kundi lililohusishwa na mafundisho ya kufunga mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Walitafuta familia ya Mungu, wakapata kaburi. Inauma sana! Nami ninayekuandikia ni mwinjilisti, siwezi kuruka habari hiyo kama sikuisikia.

Basi nipime na mimi. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakaenda kuchunguza Maandiko kama ndivyo yalivyo (Matendo 17:11), wala Biblia haikuwalaumu, iliwasifu. Mtu akikwambia usiulize, usisome mwenyewe, usiende hospitali, uachane na mama yako, umletee yeye kila ulichonacho, KIMBIA! Huyo anahesabu mifuko. Mungu aliye Baba haogopi maswali ya mtoto wake.

Wala sitakudanganya kwamba ukiokoka hutaangukiwa na kifusi. Waliookoka nao hufukiwa. Unakumbuka Nyangarata, hapa hapa mkoani kwetu, mwaka 2015? Wachimbaji walifukiwa mwezi wa kumi, na watano walitolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41! Walikula mende na vyura, wakanywa maji yaliyokuwa yakichuruzika. Huku juu wengi walikuwa wameshakata tamaa. Siwezi kukwambia kila anayeomba atatolewa kama wale. Wapo walioomba wakabaki chini. Ninachokwambia ni kwamba hata chini kule, mtoto bado ni mtoto. Daudi naye, kwenye Zaburi ya 23, hakusema mchungaji wake atamwondolea bonde la giza. Alisema atapita humo akiwa naye.

Nilipompokea Yesu sikupata dhahabu. Nilipata watu. Nilipougua, mama mmoja wa kanisa, mwuza dagaa, alinilipia dawa na hakunidai. Mchungaji alinigombeza kwa pombe kama ningekuwa mdogo wake wa tumbo moja. Siku nyingine nilichukia kabisa kugombezwa. Lakini tangu baba yangu afe, nikiwa darasa la nne, hakuna aliyekuwa amejisumbua kunigombeza.

Kama unataka, sema naye sasa hivi, hata kimoyomoyo. Mwambie umechoka kuwa kibarua. Mwambie umekosa, taja uliyoyafanya bila kuyafunika, naye anayajua. Mwambie unamwamini Yesu aliyekufa na kufufuka kwa ajili yako, akuongoze kuanzia leo. Usitafute maneno makubwa. Baba hasubiri hotuba imalizike.

Kisha njoo mkutanoni. Tunaanza saa tisa alasiri pale uwanjani, ni bure, hakuna kiingilio. Kama unatoka duarani na matope, njoo hivyohivyo. Ukifika mbele, kuna ndugu mwenye daftari atakuuliza jina. Usimpe lile la machimboni. Mpe lile alilokuita mama yako.