Jina Ambalo Sikuuliza

Mwanangu, nasikia ukifika Brussels unataka kwenda Ypres kuona uwanja wa vita. Asubuhi uende, jioni urudi. Nenda. Ila keti kwanza, chai bado ya moto, nikwambie nilivyoiharibu siku yangu kule.

Nilitaka kuona kila kitu. Kwa treni ni mwendo wa saa mbili hivi. Nikashuka na karatasi yenye sehemu saba. Saba, mwanangu! Makumbusho niliyapita kama mtu anayekatiza uani kwa jirani. Nilipofika makaburi ya Tyne Cot, karibu na kijiji cha Passchendaele, jicho langu lilikuwa kwenye saa.

Makaburi pale ni karibu 12,000. Mawe meupe, mistari imenyooka kama shamba la mkonge. Zaidi ya 8,000 hayana jina, maana waliozikwa humo hawakutambulika. Ukutani yameandikwa majina mengine karibu 35,000, ya watu wasio na kaburi linalojulikana. Mapigano ya Passchendaele, katika Vita Kuu ya Kwanza, yalianza Julai 31, 1917, yakaisha Novemba. Mvua ilinyesha, mizinga ilikuwa imeshavunja mifereji ya kutoa maji, shamba lote likawa tope. Watu walizama humo. Farasi pia. Yote hayo kwa kusogea kilomita chache.

Nikapiga picha mbili, nikageuka niondoke. Jicho likaangukia tarehe kwenye jiwe moja: Oktoba 1917. Miguu ikagoma.

Maana Oktoba hiyohiyo babu yangu alikuwa Mahiwa, kule Lindi, na mzigo kichwani. Waingereza na Wajerumani walipigana pale siku nne. Babu hakuwa askari. Alikuwa mpagazi wa Waingereza, wale wa Carrier Corps. Jina hilo ndilo lililozaa Kariakoo, unapokwenda kununua viatu. Wapagazi walikufa makumi ya maelfu, na maradhi na njaa viliwamaliza wengi kuliko risasi. Wengi hawana jiwe wala ukuta. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa jambo hilo. Mimi nilikuwa nimesafiri mpaka Ubelgiji ndipo nimkumbuke babu.

Basi likaniacha. Sehemu nyingine sikuziona, na wala sizijutii. Ninachojutia ni jioni. Kwenye Lango la Menin, pale Ypres, tarumbeta hupigwa kila siku saa mbili usiku, kuwakumbuka waliokufa. Niliondoka kabla, nakimbilia treni. Wewe lala huko usiku mmoja. Hela ya chumba nitakuongezea.

Na kabla hujapanda ndege, kapite kwa bibi yako. Kaa naye. Usiwe na simu mkononi.

Babu alinisimulia mara moja tu, barazani, nina miaka kumi na miwili. Alisema rafiki yake aliugua njiani, wakaamriwa wamwache chini ya mkwaju, mzigo wake ukagawiwa wengine. Kisha akanyamaza. Sasa najua alikuwa akinisubiri niulize kitu. Wenzangu walikuwa wananiita, mpira ulikuwa kwangu. Nikasema, "Nakuja, babu."

Aliishi miaka sita zaidi. Kila likizo nilimkuta palepale barazani, nami kila likizo nilikuwa na pa kwenda. Jina la yule rafiki yake silijui mpaka leo.