Wakfu Isiyo na Msimamizi: Haki na Deni katika Msimbo wa Bure

Karibu kila tovuti inayofunguliwa leo imejengwa juu ya msimbo uliotolewa bure. Mtengenezaji wa tovuti akianza kazi mpya huandika amri moja, na muda si muda mamia ya vifurushi vilivyoandikwa na watu asiowafahamu vimekwisha kushuka kwenye kompyuta yake. Hakulipa kitu wala hakuomba ruhusa. Wavuti wenyewe ulianza hivyo: tarehe 30 Aprili 1993 kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, kilitangaza kuwa teknolojia iliyobuniwa hapo na Tim Berners-Lee iko wazi kwa umma, na yeyote aweza kuitumia bila malipo. Ukarimu wa namna hiyo unazusha swali ambalo wanafalsafa na mafakihi walilijadili karne nyingi kabla ya kompyuta: kitu kikishatolewa bure na watu wakakitegemea, aliyekitoa anabaki na haki gani juu yake, na waliokipokea wanawiwa nini naye?

Mwaka 2016 swali hilo liliacha kuwa la nadharia. npm ni ghala la umma ambamo waandishi wa JavaScript huweka vifurushi vyao ili wengine wavichukue. Azer Koçulu, aliyekuwa ameweka humo vifurushi zaidi ya 250, alikuwa na kimoja kilichoitwa kik. Kampuni yenye programu ya kutumiana ujumbe iliyobeba jina hilohilo ikalitaka jina, yeye akakataa, wasimamizi wa ghala wakaipa kampuni. Tarehe 22 Machi Koçulu akaondoa vifurushi vyake vyote. Kimojawapo kilikuwa left-pad, chenye mistari 11. Kazi yake ilikuwa kurefusha maandishi kwa kuongeza herufi upande wa kushoto hadi yatimie urefu uliotakiwa: kikipewa namba 42 na kutakiwa kuifikisha tarakimu tano kwa sifuri, kilirudisha 00042, kama namba inavyoandikwa kwenye stakabadhi. Mwanafunzi wa miezi michache angeweza kukiandika. Hata hivyo Babel, zana iliyotumika katika miradi isiyohesabika, ilikitegemea kupitia vifurushi vingine vilivyokitegemea, na kazi zikakwama duniani kote mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kulisikia jina left-pad. Baada ya saa mbili hivi ghala likakirudisha bila ridhaa ya mwandishi, kisha likabadili kanuni zake ili kifurushi ambacho wengine wamekwisha kukitegemea kisiweze kuondolewa kirahisi.

Kisheria jambo lilikuwa jepesi. Leseni aliyoitoa mwandishi mwenyewe ilimruhusu kila mtu kunakili na kusambaza, kwa hiyo ghala halikuiba kitu. Leseni hizohizo za programu huria, kwa kawaida, husema pia kwamba msimbo unatolewa kama ulivyo, bila dhamana yoyote. Kwa hiyo mwandishi naye hakuvunja ahadi. Wasanidi wengi huishia hapo: hakuna mkataba, hakuna deni. Hoja hiyo ni fupi mno. Leseni inaeleza nani anaweza kushtakiwa na kwa lipi, lakini imani ya watumiaji haikutoka kwenye leseni, ambayo wengi wao hawakuisoma. Ilitoka kwenye mwenendo: mwandishi aliweka kazi yake hadharani, akaipa jina na namba ya toleo, akaandika maelezo ya kuwakaribisha watumiaji, akarekebisha hitilafu walizomletea. Mwenendo wa namna hiyo hujenga matarajio, na matarajio yanayojengwa makusudi yana uzito wa kimaadili hata pasipo saini.

Fikihi ya Kiislamu ina faida hapa kwa sababu ilitenganisha mapema aina za kutoa ambazo lugha ya leseni inazichanganya. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hiba iliyokwisha kukabidhiwa na kupokewa hairejeshwi, isipokuwa mzazi kwa mwanawe. Wakfu huenda mbali zaidi. Asili yake hutajwa kuwa shamba la Umar bin al-Khattab huko Khaybar: Mtume alimshauri alizuie shamba lenyewe na kuyatoa sadaka mazao yake, na shamba hilo likawa haliuzwi, halirithiwi wala halitolewi zawadi. Pwani ya Waswahili inaufahamu utaratibu huo vizuri, kwa kuwa misikiti, visima, nyumba na mashamba viliwekwa wakfu vizazi kwa vizazi, na hadi leo Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, nayo Kenya ilitunga sheria ya makamishna wa wakfu mwaka 1951. Hata hapo wanavyuoni hawakukubaliana kwa yote. Abu Hanifa aliona kuwa wakfu kwa kawaida haimfungi aliyeiweka mpaka kadhi aamue. Wanafunzi wake wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, wakampinga. Anayedhani kwamba ugomvi wa left-pad ulikuwa mpya kabisa atakuta kwamba pande zake mbili zilikwisha kutetewa kwa hoja nzito huko Kufa na Baghdad.

Msimbo wa bure unafanana na wakfu kwa jambo moja kubwa: ukishasambaa, shina lake halimo tena mkononi mwa mtu mmoja. Unatofautiana nayo kwa jambo jingine. Shamba la wakfu huzaa kwa kiasi, na anayechukua humpunguzia mwenzake. Msimbo hunakiliwa mara milioni bila kupungua. Kutokana na tofauti hiyo wengi wamehitimisha kwamba hakuna kinachotumika, kwa hiyo hakuna cha kufidia. Hapo ndipo penye kosa. Kinachotumika ni umakini wa mtu anayeutunza. Vivinjari hubadilika, lugha za programu hubadilika, wahalifu hutafuta nyufa usiku na mchana, na kila mtumiaji mpya huleta maswali yake. Msimbo uliokuwa salama juzi huwa hatari leo pasipo herufi yake hata moja kuguswa.

Wanavyuoni waliliona hilo kwenye mali za kawaida, wakaliwekea kanuni. Katika masharti ya wakfu ya Umar, msimamizi hakulaumiwa kula mazao kwa kiasi cha wastani. Fikihi iliendeleza: mapato ya wakfu kwanza hutengeneza mali yenyewe, maana paa likianguka hakuna wa kunufaika, na ndipo walengwa hupata fungu lao. Kwa maneno mengine, aliyeweka wakfu hakutegemewa aendelee kupanda juu ya paa maisha yake yote kwa thawabu peke yake. Utaratibu wa programu huria uliichukua nusu ya kwanza ya fikra hii, yaani kuliachia shina, na ukaiacha nusu ya pili. Leseni hufafanua kwa makini haki za mpokeaji. Kuhusu riziki ya mtunzaji hazisemi kitu.

Matokeo yake yalionekana tarehe 7 Aprili 2014, ilipotangazwa hitilafu iliyopewa jina Heartbleed. Ilikuwa ndani ya OpenSSL, maktaba inayosimba mawasiliano kati ya vivinjari na seva. Katika sehemu moja ya mazungumzo hayo, kompyuta hutuma neno fupi na kutaja urefu wake, na seva hulirudisha kuthibitisha kuwa bado ipo. Msimbo haukukagua kama urefu uliotajwa ni wa kweli. Aliyetuma herufi chache na kudai ametuma maelfu alirudishiwa herufi zake pamoja na chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu ya seva: manywila, hata funguo za siri. Kosa lilikuwa limekaa hadharani miaka miwili. Mabenki na maduka makubwa ya mtandaoni yaliitegemea maktaba hiyo, ilhali mradi wenyewe ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka na kuwa na mtu mmoja tu aliyeufanyia kazi muda wote. Kumlaumu aliyeandika mstari ule ni rahisi. Lawama iliyo sahihi zaidi inawaendea waliokula mazao miaka yote bila kutazama paa.

Kwa msingi huo, haki za mtoaji zinaweza kupimwa kwa kutenganisha vitendo vitatu ambavyo mijadala ya wasanidi huvichanganya mara nyingi. Cha kwanza ni kuacha kutunza. Mtu aliyechoka, aliyepata mtoto au aliyebadili kazi ana haki ya kusimama, na hakuna anayeweza kumdai kesho yake kwa sababu jana alijitolea. Linalompasa ni kutangaza wazi kwamba amesimama. Cha pili ni kuondoa kilichokwisha kutolewa. Hapa Koçulu alikuwa na malalamiko ya haki juu ya jina alilonyang'anywa, lakini mzigo wa malalamiko yake uliwaangukia watu wasiohusika na ugomvi. Mwenye kuweka wakfu hawezi kukifukia kisima kwa sababu amekosana na diwani.

Cha tatu ni kutia sumu. Mnamo Januari 2022 mwandishi wa vifurushi colors na faker, ambaye tangu 2020 alikuwa amesema hatayafanyia kazi ya bure makampuni makubwa, aliharibu kazi yake makusudi. Toleo jipya la colors lilizifanya programu zilizolitumia zizunguke bila kikomo, zikichapisha neno liberty na takataka za herufi. Liliwafikia watu kwa urahisi kwa sababu ya alama ndogo iitwayo kofia, ^, inayowekwa mbele ya namba ya toleo kwenye orodha ya vifurushi. Maana yake ni kwamba matoleo mapya yapokelewe yenyewe maadamu namba ya kwanza haijabadilika. Alama hiyo ni tamko la imani: msanidi anasema kwamba lolote atakalolitoa mwandishi huyu kesho, na lije. Kuitumia imani hiyo kumdhuru aliyeitoa ni hiana, hata kama madai ya mwandishi juu ya makampuni yalikuwa ya kweli. Walioathirika kwanza walikuwa wasanidi wa kawaida waliokuta kazi zao zimeharibika asubuhi, wengi wao wasio na uhusiano wowote na makampuni hayo.

Upande wa wapokeaji ni mgumu zaidi. Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alieleza kwamba katika jamii nyingi kutoa, kupokea na kurudisha ni wajibu mmoja wenye sehemu tatu. Lakini jamii alizozitaja zilikuwa za watu wanaofahamiana. Msanidi wa Nairobi au Mwanza anayetengeneza tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi hawezi kuwafahamu waandishi mia kadhaa ambao kazi yao imo ndani ya mradi wake, na malipo anayoyapata hayafanani na ya mhandisi wa California. Wajibu wake hauwezi kuwa sawa na wa kampuni inayopata mabilioni kwa kazi hiyohiyo. Haufutiki pia. Anaweza kuripoti hitilafu kwa maelezo kamili badala ya matusi, kujibu swali la mwanzilishi, kutafsiri maelezo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu huria ya ofisi OpenOffice kwa Kiswahili, ikiitwa Jambo OpenOffice: waliopokea waliongeza kitu ambacho waandishi wa awali wasingeweza kukitoa.

Wajibu ulio mdogo kuliko yote, na unaovunjwa kuliko yote, ni kutomkandamiza mtunzaji. Umuhimu wake ulidhihirika katika kisa cha xz, maktaba ya kubana mafaili iliyomo katika seva nyingi za Linux. Ilitunzwa miaka mingi na mtu mmoja karibu peke yake. Mwaka 2022 akaunti kadhaa zilianza kumshinikiza hadharani, zikilalamika kwamba anachelewa na kumtaka ampishe mwingine. Huyo mwingine, aliyejiita Jia Tan, alikuwa amejitokeza mwaka mmoja kabla akisaidia kwa bidii na adabu. Alipewa madaraka, na mwanzoni mwa 2024 mlango wa siri ukaingizwa ndani ya matoleo mawili. Uligunduliwa Machi mwaka huohuo na Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, aliyekuwa akipima kasi ya mambo mengine kabisa akaona kuingia kwenye seva kwa ssh kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida, akafuatilia hadi mwisho. Wavamizi walielewa kwamba mtunzaji aliyeelemewa hukabidhi funguo kwa wa kwanza anayejitolea, na kwamba kelele za watumiaji wasio na subira ni jambo la kawaida kiasi kwamba za uongo hazitatiliwa shaka. Katika wakfu, msimamizi akishindwa yupo kadhi wa kuteua mwingine na kumkagua. Kwenye xz hapakuwa na kadhi.

Majaribio ya kuziba pengo hilo yameanza. Mara baada ya Heartbleed, Linux Foundation ilikusanya makampuni makubwa kuchangia miradi muhimu, na mwaka 2022 serikali ya Ujerumani ilianzisha mfuko wa kuwalipa watunzaji wa misimbo inayotegemewa na umma. Hatua yenye maana zaidi kifalsafa ni sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu usalama wa bidhaa za kidijitali, iliyopitishwa 2024 na ambayo sehemu yake kubwa itaanza kutumika Desemba 2027. Inamtambua kwa jina msimamizi wa programu huria, yaani taasisi inayoutunza mradi bila kuuza bidhaa, na kumpa wajibu mwepesi usio na faini. Wajibu mzito unamwangukia anayeuza: ni lazima achunguze misimbo ya bure aliyoiingiza katika bidhaa yake, na akikuta hitilafu amjulishe anayeitunza. Sheria hiyo haimlazimishi muuzaji kumlipa mtunzaji hata senti moja. Imefika kwenye ukaguzi wa paa; fungu la anayelikarabati bado limeachwa kwenye hiari ya wanaokaa chini yake.