Isindu wa Kizimbani

Mvua ya masika ikikaribia, babu yangu pale Khwisero alikuwa akisimamisha mti mrefu shambani na kuuangikia vizimba vya isindu, yaani kware. Wale wa kizimbani waliita usiku kucha. Wenzao waliokuwa safarini, wakiifuata mvua, waliwasikia wakashuka. Alfajiri tulikuta baadhi yao wamenasa kwenye vitanzi tulivyotega nyasini. Nyama yake, wacha tu!

Siku moja nikamuuliza babu kama yule wa kizimbani si msaliti wa wenzake. Akacheka. "Kamdanganya nani huyo? Anasema yuko hapa. Si yuko?"

Kweli, yuko. Isindu hajui kitanzi. Anasema jambo la kweli, na ukweli huo unawaua ndugu zake. Basi uongo uko wapi? Kwa miaka mingi nilijijibu kwamba ni wetu sisi tuliomwangika juu pale, tukaiacha kweli moja isikike na kuificha nyingine nyasini. Nikaona pia kwamba hayo ni mambo ya watega ndege. Mimi nilikuwa nimeshahamia kwa watazamaji, watu wa darubini na daftari, mikono safi.

Halafu ikaja Machi moja nikiwa hori ya Mida, Watamu. Huo ndio mwezi ambao ndege wa matopeni hula kwa pupa maji yakikupwa, wakijaza mafuta mwilini kabla ya safari. Wapo waendao kutaga Siberia. Yule mla kaa, mweupe na mweusi, huenda upande wa Ghuba, akachimba shimo mchangani na kutaga humo. Nilimtaka sululu, yule wa mdomo mrefu uliopinda, lakini alikuwa mbali. Nikatoa simu, nikacheza sauti yake.

Aliacha kula, akaja. Akatua karibu na mikoko, akaita, akageuza kichwa huku na huku. Akaita tena. Nikapata picha yangu.

Hakufa mtu, najua. Ukinipa nichague kati ya kuwa isindu wa babu na sululu wangu, sitafikiri mara mbili. Lakini kwa kipimo cha mzee, kwenye kizimba kulikuwa na ndege kweli. Kwenye simu yangu hapakuwa na mtu. Na babu alikuwa na watoto wa kulisha. Mimi nilikuwa na picha.

Wenzangu wa darubini husema sauti moja, mara moja, haidhuru. Huenda. Kinachonirudia ni ule mwito wake wa pili, na jinsi alivyosimama akingoja jibu, huku maji yakianza kujaa na yeye bado hajashiba.