Hekaya na Uongo

Mwaka 1948, miaka mitatu tu baada ya vita vikuu, wanazuoni wa mataifa mbalimbali walikutana Quimper, Ufaransa, wakaunda chama cha kuchunguza hekaya za Mfalme Arthur. Kwa desturi, kongamano lao hufanyika kila baada ya miaka mitatu.

Kuna haja gani kumchunguza mfalme ambaye yamkini hakupata kuishi? Mnamo mwaka 1138 hivi, Geoffrey wa Monmouth aliyaandika mambo ya Arthur kama tarikhi. Mwaka 1191 watawa wa Glastonbury walidai wamelifukua kaburi lake. Mwaka 1278 Mfalme Edward wa Kwanza akaizika upya ile mifupa kwa fahari, mwaka mmoja baada ya kuishambulia Wales, ambako jina la Arthur lilikuwa tumaini la wanyonge.

Je, hekaya ni uongo? La hasha! Hekaya husimuliwa ili tujipime nafsi. Uongo husimuliwa ili tutawaliwe. Maneno yaweza kuwa yale yale, nia ikawa mbali. Mwanazuoni aufichuaye uongo haiui hekaya; huitoa mkononi mwa mtawala, akawarudishia wenyewe.