Aliyepungukiwa na majuma machache



Huko Marekani, mchezaji wa besiboli hakupata pensheni mpaka atimize miaka 4 ya kazi. Mwaka 1980 sharti likapunguzwa likawa siku 43. Lakini waliomaliza kucheza kabla ya hapo waliachwa, hata aliyepungukiwa na majuma machache. Mwaka 2011 wakaanza kupewa msaada wa kila mwaka, mjane haurithi.

Mkataba haukuvunjwa. Lakini Allah ametuamuru uadilifu pamoja na ihsani. Uadilifu hulinda mpaka. Ihsani humtazama aliyeanguka karibu nao.

Nawe mwenye duka, unayemfukuza mfanyakazi mwezi ukikaribia kuisha ili usimlipe, hapo hata uadilifu haupo. Mche Allah, mpe haki yake leo.

Wabillahi tawfiq.